Gesi Haba za Anga za Juu: Zinavyopimwa kwa Ndege, na Zinavyohusu Ngozi na Mapafu Yetu

Hewa tunayoivuta ina nitrojeni kwa takriban asilimia 78, oksijeni asilimia 21, na argoni karibu asilimia 1. Sehemu ndogo sana inayobaki ndiyo yenye gesi nyingine zote: dioksidi ya kaboni, methani, ozoni, oksidi ya nitrasi ambayo hutumika pia kama dawa ya usingizi, pamoja na gesi zilizobuniwa viwandani. Wanasayansi huziita gesi haba, kwa kuwa baadhi yake huhesabiwa kwa sehemu moja katika bilioni, na nyingine kwa sehemu moja katika trilioni. Uhaba huo haupunguzi nguvu zake. Mhudumu wa afya analielewa jambo hili kwa urahisi: homoni za tezi ya shingo huzunguka katika damu kwa kiasi kidogo mno, lakini zikipungua au zikizidi, mwili mzima huyumba.

Makala haya yanaeleza jinsi gesi haba za anga za juu zinavyopimwa kwa vifaa vinavyobebwa na ndege. Yanaeleza pia jinsi vipimo vya aina hiyo, vilivyochukuliwa mwaka 1987 karibu na Ncha ya Kusini ya dunia, vilivyochangia kubadilisha dawa anayoishika mkononi mgonjwa wa pumu, na kuilinda ngozi ya watu wengi ambao hawajapata kusikia habari zake. Humo yatajibiwa maswali mawili ambayo mgonjwa ana haki ya kuyauliza na mhudumu ana wajibu wa kuyajibu kwa usahihi. Je, saratani ya ngozi inayowapata watu wenye ualbino katika nchi zetu inatokana na tundu la ozoni? Na je, inhela za siku hizi ni dhaifu kuliko za zamani?

Ozoni ya juu na ozoni ya chini

Ozoni ni gesi ambayo kila molekuli yake ina atomu tatu za oksijeni, tofauti na oksijeni ya kawaida yenye atomu mbili. Takriban asilimia 90 ya ozoni yote imo katika stratosfia, tabaka la angahewa ambalo huanzia kimo cha kilomita 8 hadi 10 hivi kwenye ncha za dunia, na kilomita 16 hadi 18 katika ukanda wa ikweta. Lau ozoni yote iliyo juu ya vichwa vyetu ingekusanywa na kushushwa hadi usawa wa bahari, ingefanya utando wenye unene wa milimita 3 tu.

Utando huo mwembamba, pamoja na oksijeni ya kawaida, hufyonza mionzi yote ya urujuanimno ya aina ya C itokayo kwenye jua. Ozoni hufyonza pia sehemu kubwa ya mionzi ya aina ya B, ambayo huharibu DNA katika seli za ngozi, huchangia mtoto wa jicho, na hupunguza uwezo wa kinga ya mwili katika ngozi. Mionzi ya aina ya A hupita karibu yote.

Karibu na ardhi mambo ni tofauti. Moshi wa magari na viwanda ukichanganyika na mwanga wa jua huzalisha ozoni, na gesi hiyo ikivutwa huwasha njia za hewa na kuchochea mashambulizi ya pumu. Kwa hiyo aliyeambiwa kwamba ozoni ni kinga na aliyeambiwa kwamba ozoni ni sumu wote wawili wameambiwa kweli. Jambo la kuuliza ni kimo ilipo.

Dalili iliyoonekana na dhana tatu za chanzo

Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland, waliokuwa wakifanya kazi katika Chuo Kikuu cha California, walichapisha onyo kuhusu gesi za klorofluorokaboni, ambazo kwa kifupi huitwa CFC. Gesi hizi zilitumika katika friji, katika makopo ya kupuliza manukato na dawa za wadudu, na katika inhela za pumu. Haziwaki moto na sumu yake ni ndogo sana, na ndiyo sababu zilichaguliwa kusukuma dawa hadi ndani ya mapafu ya binadamu. Lakini uimara huo huo huzifanya zidumu hewani kwa miaka mingi, hata zikapanda hadi stratosfia. Huko juu mionzi mikali huzivunja na kuachia klorini, na atomu moja ya klorini inaweza kuharibu maelfu ya molekuli za ozoni kabla ya kutulizwa.

Kwa miaka kumi onyo hilo lilibaki kuwa hoja ya kimaabara. Kisha, mwaka 1985, watafiti wa Uingereza Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walitangaza vipimo vya kituo cha Halley huko Antaktika. Ozoni ya mwezi Oktoba, ambayo zamani ilikuwa karibu vizio 300 vya Dobson, ilikuwa imeshuka chini ya 200. Setilaiti ya Marekani nayo ilikuwa imeona viwango vya chini, lakini programu ya kuchambua data iliweka alama ya shaka kwenye kila kipimo kilichopungua vizio 180, kana kwamba kifaa ndicho kilichokosea. Mhudumu wa maabara atatambua hatari hiyo: jibu lisilotarajiwa linaweza kuwa kosa la kifaa, lakini linaweza pia kuwa ndiyo habari yenyewe. Njia ya kujua ni kupima upya kwa njia nyingine.

Dalili ilikuwa imethibitika, chanzo bado. Palikuwa na dhana tatu. Ya kwanza ilisema klorini itokayo kwenye CFC ndiyo inayoila ozoni. Ya pili ilisema hewa yenye ozoni kidogo ilikuwa inapanda kutoka chini na kuisukuma kando ile yenye ozoni nyingi, bila kemikali yoyote kuhusika. Ya tatu ilisema mabadiliko ya nguvu za jua yaliongeza oksidi za nitrojeni, nazo ndizo zilizoiharibu ozoni. Daktari angeiita hali hii utambuzi tofauti: dalili moja, magonjwa matatu yanayoweza kuileta, na matibabu yasiyofanana. Kama dhana ya pili au ya tatu ingekuwa ya kweli, kupiga marufuku CFC kusingesaidia kitu.

Maabara ndani ya ndege

Mwaka 1986 msafara ulioongozwa na Susan Solomon ulipima gesi kutoka ardhini katika kituo cha McMurdo, Antaktika, na matokeo yakaelekeza kidole kwenye klorini. Solomon na wenzake walikuwa tayari wamependekeza kwamba katika baridi kali ya huko, inayofika nyuzi 80 chini ya sifuri, hutokea mawingu ya barafu na asidi ya nitriki, na juu ya chembe za mawingu hayo klorini iliyokuwa imetulia hugeuka kuwa ya hatari. Hata hivyo, kupima kutoka chini ni kama kusikiliza kifua kwa nje. Ilibidi mtu aingie pale penye ugonjwa na kuchukua sampuli.

Kwa kazi hiyo shirika la anga la Marekani, NASA, lilitumia ndege iitwayo ER-2, iliyotokana na ndege ya upelelezi ya U-2. Huruka karibu kilomita 20 kutoka usawa wa bahari, takriban mara mbili ya kimo cha ndege za abiria, na hubeba mtu mmoja tu. Katika kimo hicho kanieneo ya hewa ni takriban moja ya kumi na nane ya ile ya pwani. Karibu na kilomita 19 hushuka hadi milimita 47 za zebaki, ambacho ndicho kiwango cha kanieneo ya mvuke wa maji katika joto la mwili. Maji yaliyo wazi, kama mate na machozi, huanza kuchemka. Kwa sababu hiyo rubani huvaa vazi maalumu lenye kanieneo yake, na kabla ya kuruka huvuta oksijeni tupu kwa muda wa saa moja hivi ili kuondoa nitrojeni katika damu, isije ikatoa mapovu kama inavyowapata wapiga mbizi wanaoibuka kwa haraka.

Mnamo Agosti na Septemba 1987 ndege hiyo iliruka kutoka Punta Arenas, mji wa kusini kabisa mwa Chile, kuelekea Antaktika. Ndege nyingine kubwa zaidi, aina ya DC-8, ilipita chini yake ikiwa na watafiti na vifaa vingine. Vihisi vya ER-2 vilijiendesha vyenyewe, kwa sababu rubani alikuwa na kazi ya kutosha kubaki hai na kurudi.

Mwanga kama kipimo

Mhudumu aliyewahi kumvika mgonjwa kipima oksijeni kidoleni tayari anaujua msingi wa vifaa hivyo. Kipima oksijeni hupitisha mwanga wa aina mbili, mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 660 na mwingine usioonekana wa nanomita 940. Himoglobini iliyobeba oksijeni na ile isiyobeba huufyonza mwanga huo kwa viwango tofauti, na kifaa hukokotoa asilimia kwa kulinganisha kilichoingia na kilichotoka. Kila molekuli ina mawimbi yake ya mwanga inayoyafyonza, na hiyo ndiyo alama yake ya kidole.

Kwa ozoni, kihisi cha ndege hutumia taa ya zebaki yenye wimbi la nanomita 254. Ni wimbi lile lile la taa zinazowekwa karibu na dari katika baadhi ya wodi za kifua kikuu ili kuua vimelea hewani. Sababu ya mambo hayo mawili ni moja: DNA ya vimelea huufyonza mwanga huo na kuharibika, na ozoni nayo huufyonza kwa nguvu. Sifa inayoifanya ozoni itulinde ndiyo hiyo hiyo inayotuwezesha kuipima. Ndani ya kifaa, hewa hupitishwa katika mirija miwili. Katika mmoja hewa huingia kama ilivyo, katika mwingine huondolewa ozoni kwanza. Tofauti ya mwanga unaofika upande wa pili wa mirija hiyo huonyesha kiasi cha ozoni, na mrija usio na ozoni hufanya kazi ya sampuli ya kulinganishia ambayo kila mtaalamu wa maabara anaijua.

Gesi iliyotafutwa zaidi ilikuwa monoksidi ya klorini, ambayo huzaliwa klorini inapoinyang’anya ozoni atomu moja ya oksijeni. Kuipata kwake ni ushahidi kwamba uharibifu unatendeka wakati huo huo. Lakini gesi hii haiwezi kubebwa katika chupa hadi maabara, kwa sababu huungana na chochote inachokigusa. Kifaa kilichobuniwa na James Anderson wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake kiliwekwa katika kibebeo kwenye bawa la ndege. Hewa iliyoingia kwa kasi ya karibu mita 200 kwa sekunde ilipunguzwa mwendo kwa uangalifu, na kipimo kikachukuliwa katikati ya mkondo, katika ile hewa ambayo haikugusa kuta. Kisha ilichanganywa na oksidi ya nitriki, ambayo huichukua oksijeni na kuiacha atomu ya klorini peke yake. Taa maalumu ikaimulika, atomu zikameta, na kifaa kikahesabu mimeto hiyo. Oksidi ya nitriki ilifunguliwa na kufungwa kwa zamu, ili mwanga usiotokana na klorini ujulikane na kuondolewa katika hesabu.

Uangalifu huo wa kutogusa kuta una ndugu yake katika kazi zetu. Damu iliyovutwa kwa pupa kupitia sindano nyembamba hupasuka chembe zake nyekundu, nayo maabara hutoa jibu la potasiamu iliyo juu kwa mgonjwa ambaye potasiamu yake ni ya kawaida. Kifaa kizuri hakiwezi kuiponya sampuli iliyoharibika wakati wa kuchukuliwa.

Siku ya 16 Septemba 1987

Matokeo yalizijibu dhana zote tatu. Kwanza, ndege ilipima oksidi ya nitrasi, gesi ambayo karibu na ardhi hupatikana kwa sehemu zaidi ya 300 katika bilioni na hupungua kadiri tunavyopanda stratosfia. Kama hewa ya Antaktika ingekuwa inapanda kutoka chini, gesi hiyo ingeonekana kwa wingi. Ilikutwa ni kidogo, kumaanisha kwamba hewa ilikuwa imeshuka kutoka juu. Dhana ya pili ikaanguka. Pili, oksidi za nitrojeni nazo zilikutwa zimepungua badala ya kuongezeka. Dhana ya tatu ikaanguka.

Ilibaki klorini. Katika safari ya tarehe 23 Agosti, ndege ilipovuka mpaka wa upepo unaoizunguka Antaktika, monoksidi ya klorini iliongezeka ghafla, ilhali ozoni ilikuwa bado haijashuka. Katika safari ya tarehe 16 Septemba, ndege ilivuka mpaka ule ule. Monoksidi ya klorini ilipanda hadi karibu sehemu moja katika bilioni, zaidi ya mara mia moja ya kiwango cha nje ya mpaka huo, na safari hii ozoni ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu. Kila mchoro wa klorini ulipopanda, wa ozoni ulishuka, hata kwa mabadiliko madogo madogo, kama mtu na kivuli chake.

Wanaosoma epidemiolojia watakumbuka vigezo vya Austin Bradford Hill vya mwaka 1965 vya kupima kama jambo moja ndilo chanzo cha jingine. Kigezo kimoja hakina mbadala: chanzo lazima kitangulie tokeo. Safari hizo mbili zilikitimiza. Mwezi Agosti chanzo kilikuwepo na tokeo halijaja. Mwezi Septemba, jua lilipokwisha kurudi katika anga ya Antaktika baada ya majira ya baridi, tokeo likafuata.

Kwa sadfa, siku hiyo hiyo ya 16 Septemba 1987, wajumbe wa mataifa walikuwa mjini Montreal, Kanada, wakitia saini Itifaki ya Montreal kuhusu vitu vinavyoharibu tabaka la ozoni. Itifaki ya awali ilitaka matumizi ya CFC yapunguzwe kwa nusu tu. Ushahidi wa ndege ulipochambuliwa na kuchapishwa, mikutano ya London mwaka 1990 na Copenhagen mwaka 1992 iliamua gesi hizo ziondolewe kabisa: nchi tajiri ifikapo mwaka 1996, na nchi zinazoendelea ifikapo mwaka 2010. Mwaka 1995 Molina na Rowland, pamoja na Paul Crutzen, walitunukiwa Nobeli ya kemia. Leo tarehe 16 Septemba huadhimishwa kuwa Siku ya Kimataifa ya Kuhifadhi Tabaka la Ozoni.

Kutoka angani hadi kwenye inhela

Inhela ilipewa muda wa ziada, kwa sababu mgonjwa wa pumu hawezi kungoja. Itifaki iliruhusu CFC iendelee kutumika katika dawa hiyo kwa kibali maalumu mpaka mbadala upatikane. Mbadala ulikuwa gesi za hidrofluorokaboni, ambazo hazina klorini na kwa hiyo haziiharibu ozoni. Katika miaka ya 1990 inhela za kwanza za aina hiyo zilianza kuuzwa, na taratibu zikachukua nafasi ya zile za zamani duniani kote.

Hapa ndipo swali la udhaifu lilipozuka. Inhela ya zamani ilipuliza kwa nguvu, na mgonjwa alihisi ubaridi ukimpiga kooni. Mpya hupuliza kwa upole, haina ubaridi sana, na ladha yake ni tofauti. Wagonjwa wengi katika nchi mbalimbali waliamini kwamba dawa imepunguzwa. Ukweli ni kwamba kipigo cha kooni kilitokana na gesi ya kusukuma, na dawa iliyogonga koo ni dawa iliyoshindwa kufika mapafuni. Kiasi cha salbutamoli katika kila mpulizo ni kile kile, na majaribio ya kitabibu yalionyesha kwamba inafungua njia za hewa sawasawa na ile ya zamani.

Inhela mpya ina sharti moja ambalo la zamani halikulikazia sana. Tundu lake huziba kwa urahisi zaidi kwa mabaki ya dawa, kwa hiyo sehemu ya plastiki inahitaji kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu walau mara moja kwa wiki, baada ya kuondoa kichupa cha chuma, kisha iachwe ikauke kabisa. Kichupa chenyewe kisitumbukizwe majini. Ile desturi ya kukielesha katika bakuli ili kujua kama dawa imekwisha haitoi jibu la kuaminika, na inaweza kuharibu vali.

Hadithi haikuishia hapo. Hidrofluorokaboni haziigusi ozoni, lakini hunasa joto. Ile inayotumika zaidi katika inhela, iitwayo HFC-134a, hunasa joto zaidi ya mara elfu moja kuliko dioksidi ya kaboni yenye uzito sawa katika kipindi cha miaka 100. Ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, na tarehe 15 Oktoba 2016 yakakubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua. Watengenezaji wa dawa sasa wanaandaa inhela zenye gesi nyingine za kusukuma, na mgonjwa anaweza kuona mabadiliko tena katika miaka ijayo. Mhudumu atakayekuwa ameeleza mapema kwamba sauti, ladha na nguvu ya mpulizo havipimi uwezo wa dawa atawaepusha wagonjwa wake na hofu.

Ngozi ya watu wenye ualbino

Sasa swali la kwanza. Tundu la ozoni hutokea juu ya Antaktika, katika majira ya kuchipua ya kusini, kuanzia Agosti hadi Novemba au Desemba. Katika ukanda wa ikweta ozoni haijapungua kwa kiwango kikubwa. Mionzi mikali ya urujuanimno tunayoipata Afrika Mashariki ina sababu za kimaumbile: jua hupita karibu na utosi mwaka mzima, utando wa ozoni katika ikweta kwa asili ni mwembamba kuliko katika latitudo za kaskazini na kusini, na maeneo mengi yako juu. Kila mita 1,000 za kupanda huongeza mionzi hiyo kwa takriban asilimia 10. Mchana wa anga jeupe, kipimo cha mionzi hufika 11 au zaidi, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukiita cha kupindukia.

Ngozi isiyo na melanini ya kutosha haina kinga ya kupambana na hali hiyo. Ndiyo maana watu wenye ualbino hupata madhara ya jua tangu utotoni, na saratani ya ngozi wakiwa bado vijana. Mzazi anayeambiwa kwamba chanzo ni tundu la ozoni hupewa adui aliye mbali, asiyeweza kumfikia. Akiambiwa kwamba chanzo ni jua la kila siku juu ya ngozi isiyo na kinga, anapata jambo la kufanya kesho asubuhi.

Hata hivyo, tabaka la ozoni linawahusu watu hao kuliko wengine wote. Mwaka 2009 wanasayansi wa NASA wakiongozwa na Paul Newman walichapisha hesabu za dunia ambayo CFC zingeendelea kuongezeka bila kuzuiwa. Katika hesabu hizo, kufikia mwaka 2065 theluthi mbili ya ozoni ya dunia nzima ingekuwa imetoweka, na ukanda wa tropiki usingesalimika. Anayemhudumia mtoto mwenye ualbino ataelewa maana yake.

Vipimo vinaendelea

Jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa lilikadiria katika taarifa yake ya mwaka 2022 kwamba, sera za sasa zikiheshimiwa, ozoni itarudi katika hali ya mwaka 1980 karibu mwaka 2066 juu ya Antaktika, mwaka 2045 juu ya Aktiki, na mwaka 2040 kwingineko. Uponyaji huu wa polepole unahitaji kufuatiliwa kama mgonjwa anavyofuatiliwa baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba utoaji wa CFC-11 ulikuwa umeongezeka tena tangu mwaka 2012 kinyume cha makubaliano. Vipimo vya vituo vya Korea na Japani vilionyesha kwamba sehemu kubwa ilitoka mashariki mwa China, na baada ya kugundulika utoaji huo ukashuka.

Sehemu ya ufuatiliaji huo hufanyika hapa kwetu. Tangu miaka ya 1990 Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hurusha jijini Nairobi maputo yenye vihisi vya ozoni, yanayopanda hadi kimo cha kilomita 30 hivi. Kihisi hicho huvuta hewa na kuipitisha katika kimiminika chenye iodidi ya potasiamu. Ozoni huitoa iodini katika kimiminika, mkondo mdogo wa umeme hupita, na redio hupeleka jibu ardhini. Tangu mwaka 1994, baadhi ya ndege za abiria za mashirika ya Ulaya nazo hubeba vihisi vinavyopima ozoni na gesi nyingine haba katika safari zao za kawaida.

Ushauri kwa wahudumu na wagonjwa

Kwa mgonjwa wa pumu: usiache inhela yako kwa kuhofia mazingira. Madhara ya shambulio la pumu lisilotibiwa ni ya leo na yanaweza kuua. Njia iliyo bora kwa mapafu ni bora kwa anga pia: tumia dawa ya kuzuia kama ulivyoandikiwa, ili ile ya kutuliza isihitajike mara kwa mara. Tikisa inhela kabla ya kupuliza. Ikiwa ni mpya au haijatumika kwa siku kadhaa, puliza kwanza hewani kama karatasi yake inavyoelekeza. Tumia kifaa cha kati cha kupitishia dawa. Pasipo nacho, chupa safi ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako kutoshea inhela hufaa, hasa kwa watoto. Inhela za unga hazina gesi ya kusukuma, lakini zinahitaji pumzi ya nguvu, hivyo haziwafai watoto wadogo, na mabadiliko yoyote yafanywe na daktari.

Kwa mtu mwenye ualbino na familia yake: kofia yenye ukingo mpana, nguo za mikono mirefu zilizofumwa vizuri, na kivuli kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni ndiyo kinga ya kwanza. Mawingu hayazuii mionzi yote. Krimu ya kukinga jua yenye nguvu ya 30 au zaidi ipakwe kila siku na kurudiwa. Kilisun, iliyoanza kutengenezwa Moshi mahususi kwa ngozi yenye ualbino, ni mojawapo. Miwani yenye kinga ya mionzi husaidia macho.

Kwa mhudumu wa afya: mchunguze ngozi yote mtu mwenye ualbino kila anapofika kituoni, hata kama amekuja kwa homa au kwa chanjo ya mtoto. Angalia masikio, shingo, uso, midomo na mikono. Kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja, uvimbe unaokua, au gamba linalovuja damu kila linapobanduka, mpe rufaa bila kungoja. Na mgonjwa wa pumu akilalamika kwamba inhela yake haina nguvu, usimwambie amezoea ile ya zamani. Mwombe akuonyeshe anavyoitumia, kisha ifungue uangalie tundu lake.